Siku Niliposimamisha Barabara ya Soko

Haya nilikuwa nimeapa yatabaki kati yangu na Mungu, lakini kwa kuwa nusu ya mji wetu wa Kindu iliyaona kwa macho yake, na nusu nyingine imeshahadithiwa kwa chumvi nyingi (kuna wanaosema nilivua blauzi, sikuvua), afadhali niyaseme mwenyewe, mucheke mara moja, tumalize. Mimi ni Feza, mwalimu wa darasa la nne, na somo ninalojivunia kulifundisha ni uraia: bendera, wimbo wa taifa, heshima kwa wakubwa. Hilo njo linaloniuma zaidi katika aibu yote hii.

Likizo kubwa iliyopita sikutaka kukaa nyumbani kuangalia mbuzi wa jirani wakila mchicha wangu, kwa hiyo niliposikia kwamba huku Alunguli, upande wetu wa mto, katika uwanja wa shule moja, wanafungua kambi ya likizo ya watu wenye usonji (sisi tunasema otisme, na wasiojua wanasema tu "yule iko vile"), na wanatafuta monitrisi, yaani wanawake wa kushinda na watu wa kambi tangu asubuhi mpaka jioni, nilienda kuandikisha jina siku hiyohiyo. Walikuwa watu kumi na wawili, wengine watoto, wengine watu wazima wenye ndevu zao. Na niwaambie ukweli, nilipata raha pale ambayo darasani sijaipata. Kila asubuhi tulichora kazi za siku kwa picha ubaoni, moja chini ya nyingine, ili mtu ajue kinachokuja asishtuke, halafu tunazifuata hivyohivyo polepole, bila kelele. Ukitaka watu wasimame unainua mkono juu, ukiushusha wanaendelea. Basi.

Direkta wa kambi, baba mnene mpole ambaye binti yake alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, alinikuta siku ya kwanza nimevaa firimbi yangu ya shule shingoni, akainyooshea kidole.

"Madamu Feza, ile hapana. Masikio yao yanasikia kupita ya kwetu. Ukipuliza ile, kwao ni kisu."

Nikasema ndiyo, Direkta, nikaivua. Halafu (hapa njo mkasa unaanzia, kwa kitu kidogo hivi) badala ya kuirudisha nyumbani niliitia kifuani, ndani ya sutie, yaani sidiria, na ikawa hivyo kila siku, nikijiambia kwamba mwalimu bila firimbi ni mtu tu, na siku ya hatari nitashukuru.

Kila mtu wa kambi alikuwa na monitrisi wake. Wangu alikuwa Amisi, mwanaume wa miaka kama thelathini, mrefu, msafi, hasemi sana, lakini akisema ni kweli tupu, kingine hakijui. Ukimuuliza kama chakula ni kitamu atakujibu hapana na mpishi amesimama palepale. Anachopenda kuliko vyote ni gurudumu linalozunguka. Baiskeli ukiigeuza miguu juu, ukamwachia Amisi, umemaliza naye mpaka mchana. Nikawaza kwamba ng'ambo ya mto, mjini, kwenye baraza la Papa Kambale, yule mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Butembo, kuna mafundi sita na vyerehani sita vya kukanyaga, vyote mstari mmoja, vyote vinazunguka. Nikaona kabisa uso wa Amisi utakavyokuwa. Direkta akakubali. Akabaki mama yake.

Mama Amisi alinisikiliza huku anachambua sombe, majani ya mihogo ya kupika, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Madamu, huyu hajavuka mto tangu vita," akasema. "Wakati ule tulikuwa tunakaa kule mjini. Asubuhi moja firimbi ya bendera inalia, watu wote wanasimama, yeye alikuwa mutoto mudogo, anaendelea tu kutembea. Baba yake akakimbia kumushika. Basi askari wakaona muntu mukubwa anakimbia na bendera inapanda. Walimupiga na kitako cha bunduki mpaka mukono ukavunjika, na ule mukono haukunyooka tena mpaka siku tulimuzika. Njo nikavuka na mutoto huku. Na mulango wa lupango ninaufunga mimi mwenyewe."

Kwa asiyekuwa wa huku, niseme kidogo: lupango ni ua wa nyumba, na habari ya bendera iko hivi. Kwetu bendera ikipanda asubuhi au ikishuka jioni, polisi anapuliza firimbi, na yeyote aliye karibu anasimama palepale alipo, mwenye pikipiki anazima, mwenye mzigo anavumilia, mpaka firimbi ya pili. Siku hizi ukisahau utafokewa tu. Lakini miaka ya vita haikuwa mchezo, mimi mwenyewe nilikuwa msichana wa shule, ninakumbuka nimesimama na ndoo ya maji kichwani, maji yananitiririka mgongoni, na mdudu ananitembea shingoni, sijikuni.

"Mama, saa kumi tutakuwa tumeisha kurudi," nikamwambia. "Bendera ya jioni inashuka saa kumi na mbili. Hataiona kabisa."

Akaniangalia sasa. "Ukimurudisha salama, atatoka tena. Kukiwa na mambo, Madamu, sitamufungulia tena mulango, hata wa kuja kambi." Hakusema kwa hasira. Alisema tu, akarudi kwenye sombe yake.

Basi tukavuka siku ya pili mchana, kwa mtumbwi wa moteri, Amisi amekaa kimya anaangalia maji, na kule kwa Papa Kambale mambo yakawa mazuri kupita nilivyoota. Mafundi walimpa kiti. Alikaa mbele ya vyerehani sita, mikono juu ya magoti, na uso wake ukafunguka, sijui niseme namna gani, ukafunguka. Fundi mmoja akimaliza mshono na gurudumu likisimama, Amisi anahamisha macho kwenye lingine. Papa Kambale mwenyewe alitoka dukani kumtazama, akaleta chai. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau saa, na nilipouliza nikaambiwa ni saa tisa na nusu.

Nikamwonyesha Amisi picha ya mtumbwi, kama tunavyofanya kambini, maana yake sasa tunarudi. Akasimama bila shida. Tukashuka barazani. Na dakika hiyohiyo jirani wa Papa Kambale, mwenye mashine ya kusaga mihogo, akaiwasha.

Ile mashine inakohoa kwanza, kiisha inapiga kelele yote kwa mara moja. Amisi akaziba masikio akatimua mbio, moja kwa moja katikati ya barabara, na kutoka upande wa soko inakuja pikipiki ina watu watatu na godoro. Sikufikiri. Mkono uliingia kifuani wenyewe, nikapuliza. Mimi mapafu ninayo, nimepuliza kwa miaka katika viwanja vya watoto mia tatu, na siku ile nilipuliza kupita siku zote.

Pikipiki ikasimama. Na baiskeli zikasimama. Na mama mwenye beseni la samaki kichwani, na kijana wa kuuza vocha, na mzee mmoja akavua kofia akaibana kwapani, na mwenye mashine akaizima, na ndani ya mkahawa watu walioketi wakainuka, mmoja ana tonge la bugali mkononi. Barabara nzima ya soko, mpaka kule kwenye kona, imesimama wima. Kwa sababu hapa Kindu hakuna anayeiuliza firimbi sababu. Wale wa umri wangu walisimama kwanza, vijana wakawafuata.

Na Amisi naye akasimama. Pikipiki imebakiza hatua mbili kumfikia. Kelele ilikuwa imeisha, akatoa mikono masikioni, akaangalia huku na huku, ametulia kabisa.

Sasa mtu mwenye akili hapo angefanya nini? Angepuliza ya pili, angesema samahani jamani, ni mimi, watu wangemtukana kidogo, yangeisha. Mimi niliona wazazi wa wanafunzi wangu wawili pale. Nilimwona mzee aliyevua kofia. Nikawaza, Feza mwalimu wa uraia, umepuliza firimbi ya bendera saa tisa na nusu sokoni. Nikairudisha kifuani taratibu, nikabana mikono kando ya mapaja, nikasimama wima kama wengine. Tena (Mungu anisamehe) nikaanza kugeuza macho kuitafuta bendera.

Tukasimama. Dakika ya kwanza ikapita. Firimbi ya pili hailii, na italia vipi, imo ndani ya nguo yangu. Mama wa mikate ya mafuta anaiangalia mikate yake inakuwa myeusi ndani ya karai, machozi yanamlenga, hathubutu kuigeuza. Watu wakaanza kunong'ona bila kufungua midomo.

"Ni bendera gani hii?"

"Pengine kuna mukubwa amekufa."

Hilo neno likatembea. Lilianzia karibu na mkahawa, na lilipofika kwa mama wa samaki, mkubwa alikuwa ameshakufa kweli, tena Kinshasa, na huyo mama akaanza kulia kwa sauti na beseni lake kichwani. Papa Kambale alikuwa barazani kwake, futi ya kupimia vitenge ikining'inia shingoni, akafanya ishara ya msalaba. Nikatamani ardhi inimeze.

Kiisha akatokea komanda wa kituo cha polisi cha jirani, anakuja zake kwa miguu, akakuta barabara yote imesimama na mama analia. Mnadhani aliuliza? Alibana visigino akapiga saluti. Nikaona sasa tumeshaharibikiwa, maana kama komanda naye amesimama, nani atatuachilia? Alikaa hivyo kitambo, kiisha nikaona anashusha macho polepole kwenye saa yake ya mkononi.

"Nani alipuliza?" akauliza.

Mimi ninaangalia paa la mkahawa.

"Ninauliza, nani alipuliza firimbi?"

"Madamu Feza alipuliza," akasema Amisi kutoka katikati ya barabara, kwa sauti yake ileile ya kusema leo ni Jumanne. "Firimbi iko ndani ya sutie."

Sitaeleza kicheko kile. Nitasema tu kwamba ilibidi nigeuke ukutani, niingize mkono mbele ya watu wa soko zima, niitoe, na kwamba ilikuwa imenasa kwenye uzi, kwa hiyo ilichukua muda kuliko ningependa. Mama wa samaki aliacha kulia akasema, "Kumbe hakuna aliyekufa," na nilisikia kabisa kwamba amekasirika kwa hilo.

"Puliza ya pili, watu waende," akasema komanda.

Nikaiweka mdomoni. Amisi akaziba masikio, akainama, akaanza kunguruma kidogo kooni, na mimi nilijua huo mngurumo unatangulia nini. Nikaitoa mdomoni.

"Komanda, siwezi. Inamuumiza."

"Kusimamisha watu unaweza, kuwaachilia hauwezi?"

Basi nikafanya ninachokijua. Nikainua mkono juu kabisa, kama kambini, barabara yote ikiniangalia, nikaushusha. Na barabara ya soko ikaanza kutembea. Amisi naye akatembea, akaja kusimama kando yangu, ameridhika. Komanda akatupeleka kituoni.

Pale kituoni aliandika ripoti kwa kalamu inayokataa, neno moja anapumzika, neno moja anapumzika. Jina. Kazi. Nikasema mwalimu. Somo gani? Nikasema hesabu (ndiyo, nilidanganya polisi). Amisi akasema, "Uraia." Komanda akacheka peke yake muda mrefu, akafuta. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Nikamsihi, nikamweleza yote, baba wa Amisi, mkono, ahadi niliyompa mama, kwamba huyu mtu akipata matatizo leo atafungiwa mpaka azeeke. Alinisikiliza, nadhani hata alihuzunika, lakini akasema ripoti ni ripoti, lazima mukubwa wake aitie sahihi, na mukubwa wake amekwenda mazishini tangu asubuhi, hajarudi.

Upande wa pili wa mto Mama Amisi aliona saa kumi imepita, akavuka. Kivukoni hakuhitaji kuuliza mara mbili. "Madamu wa firimbi? Iko ku polisi, na kijana wako."

Firimbi ya bendera ililia saa kumi na mbili, hatua chache kutoka benchi tuliyokaa. Komanda akatoka nje akapiga saluti. Polisi wa bendera akaanza kufungua kamba. Nikasimama. Na pale mlangoni mwa uwanja nikamwona Mama Amisi, ndiyo kwanza anafika, mguu mmoja ndani na mmoja nje, amesimama kwa sheria, na macho yake yanamtafuta mtoto wake.

Amisi alikuwa ameziba masikio. Firimbi ilipokatika akashusha mikono, akamwona mama yake, akaanza kutembea kumfuata. Katikati ya uwanja, chini ya bendera yenyewe, mbele ya polisi wenye bunduki.

Mama Amisi akafumba macho.

Sikupanga kuwa shujaa, kwa kweli siku ile nilikuwa nimeonyesha ushujaa wangu unakoishia. Lakini nilipoona yale macho yamefumbwa, miguu yangu ikatoka. Nikamfuata Amisi nyuma yake, hatua kwa hatua, bendera ikishuka, nikiwaza kwamba kama kuna kitu kinakuja kipate mgongo wangu kwanza (na mgongo wangu ni mpana, Mungu hakuninyima). Polisi wa kamba alituangalia, akamwangalia komanda wake. Komanda hakushusha saluti. Alitufuata kwa macho tu, na uwanja ule sikuwahi kujua ni mkubwa kiasi kile.

Hakuna kilichokuja. Amisi alifika kwa mama yake, akageuka, akasimama kando yake bega kwa bega, akaitazama bendera kama watu wote. Firimbi ya pili ikalia.

Komanda akaja polepole. "Mama, kijana wako iko na shida gani?"

Mama Amisi alifumbua macho. Alimwangalia mtoto wake kwanza, akamshika mkono wa kuume akaunyoosha, akamshika wa kushoto akaunyoosha.

"Hana shida," akasema. "Alikuwa anakuja kwangu."

Komanda akanigeukia. "Madamu, weye sasa uko na makosa mawili siku moja, na karatasi yangu inaisha. Muende. Firimbi inabaki huku."

Kwenye mtumbwi abiria waliniona ninashuka kivukoni, wakasimama wima wote, mikono mapajani, mpaka mwenye moteri akafoka kwamba watauzamisha mtumbwi wake. Nilikaa nimefunika uso na ncha ya kikwembe nilichojifunga. Nilikuwa ninangoja Mama Amisi aniambie neno lake, lile la mlango, maana mambo yalikuwa yamekuwepo, tena yote. Katikati ya mto akanigusa goti.

"Madamu, miaka hii yote mimi nilikuwa ninamungoja yule askari," akasema. "Kila nikifungua mulango nilikuwa ninamuona. Leo nilifumba macho nimungoje vizuri, na hakukuja."

Nililia tu, na Amisi akamwambia mama yake, "Madamu Feza analia," ili asiwe mtu wa mwisho kujua.

Firimbi nyingine sijanunua na sitanunua, na wanafunzi wangu sasa wanasimama kwa mkono, wanasikia vizuri kuliko zamani. Lakini niwaambieni, ile ya kwanza niliyopuliza siionei haya, ilikuwa ya kuokoa mtu. Ninayoionea haya ni ile ya pili nisiyoipuliza, ambayo nilikuwa nayo kifuani nikaacha mikate ya mwenzangu iungue na mama wa watu alie, kisa jina langu la ualimu. Nikikosea tena nitasema palepale kwamba ni mimi, hata kama ni mbele ya askofu. Huko sokoni mpaka leo wananiita Madamu Bendera, na ninaitika. Ninapita kule kila Jumamosi, kwa sababu Jumamosi njo siku Amisi anavuka kwenda kukaa na mafundi, na anavuka peke yake. Mama yake anamsindikiza mpaka kwenye mlango wa lupango, anamfungulia, kiisha anarudi kwenye kazi zake.